Ndugu wa Kuazima

Asubuhi ile Chepkosgei aliamshwa na sauti ya mama yake akiimba. Alibaki kitandani kwanza akisikiliza, maana Priscah hakuwa mtu wa kuimba. Tangu mumewe azikwe nyuma ya boma, nyimbo zake alikuwa ameziachia kanisa, na hata huko aliimba kama mtu anayelipishwa.

Chepkosgei alikuwa amefika jana jioni kutoka Londiani, alikokwenda kumsaidia dada yake Chepkemoi aliyejifungua. Alifika amechoka, akalala bila hata kuuliza habari za nyumbani. Sasa alijifunga leso, akatoka nje kwenye baridi na ukungu, akaingia jikoni.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mti wa senetwet. Wala si kibuyu cha kila siku. Kilikuwa kile chenye shanga shingoni, cha marehemu baba.

"Mama, leo kuna nini?"

"Keti unywe chai kwanza. Hii mambo haisikizwi na tumbo tupu."

"Kuna mtu amekufa?"

"Wewe! Mtu akikufa mimi naimba?" Priscah akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Mtoto wangu, utaenda Nairobi. Utasoma hiyo civil yako mpaka uchoke."

Chepkosgei hakuamini masikio yake. Tangu jina lake litoke miongoni mwa walioitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa ujenzi, nyumba yao haikuwa imelala vizuri. Kijiji kizima hapo nyuma ya Kabianga kilishangilia, isipokuwa Johana, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Johana alikuja na fimbo yake, akakaa, akanywa chai vikombe viwili, halafu akasema lake. Nyumba ya ndugu yake haina kijana. Wasichana wakubwa wameshaolewa. Huyu wa mwisho ndiye wa kubaki.

Ndiyo mila ya Wakipsigis. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume huweza kumbakiza binti mmoja. Binti huyo haolewi. Hukaa kwao, huzaa kwao, na watoto wake huitwa kwa jina la baba yake, ili moto wa nyumba usizimike. Johana alisema hakatai msichana kusoma. Asome hapa karibu, achukue diploma ya ujenzi kule politekniki ya Kisumu, kila mwisho wa juma arudi kwa mama yake. Lakini miaka mitano Nairobi? Atarudi na bwana, au hatarudi kabisa. Na akiondoka, shamba la chai litakwenda kwa wana wa Johana, na Priscah atatafutiwa pa kukaa kwa binti zake. Priscah angeweza mwenyewe kutoa mahari na kuoa msichana wa kuizalia nyumba kijana, mila inaruhusu, lakini zizini walibaki ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa mzee kuliko Chepkosgei mwenyewe.

"Baba mkubwa amekubali?" Chepkosgei aliuliza.

"Amekubali. Na unajua Johana ni mtu wa kukubali? Wazee wa ukoo walikaa hapa juzi ukiwa Londiani. Walisema nyumba ikipata kijana, wewe uko huru. Na kijana amepatikana. Leo tunamwingiza kwa nyumba, anakuwa wangu, kama nimemzaa."

"Kijana gani, Mama?"

"Si ndugu yako!"

"Ndugu yangu gani?"

"Kwani uko nao wangapi? Mageto!"

Chepkosgei alikuwa ameinua kikombe. Alikirudisha chini taratibu sana.

"Ni wewe ulinifungua macho," Priscah aliendelea, akikisugua kibuyu kwa furaha. "Kila siku, 'Mama, ndugu yangu Mageto amekuja. Mama, ndugu yangu Mageto amenisaidia hesabu.' Nikajiambia, huyu mtoto ameona kitu mimi sioni. Mimi nalia kwa Mungu anipe kijana, na kijana anaingia kwa mlango yangu kila Jumamosi na vitabu. Ati ni Mkisii. Kwani hawa wazee wenyewe, nusu yao babu zao walitoka wapi? Hiyo mambo ya kumfanya mgeni akuwe mtu wetu ni ya zamani sana." Akamtazama binti yake kwa macho yenye mzaha. "Sasa kazi yako ni moja. Umtafutie msichana mzuri, alete mke hapa. Dada ndiye hujua."

"Ndiyo, Mama," alisema Chepkosgei. Akaiacha chai, akatoka nje.

Mapenzi ya kujificha yana werevu mwingi. Yakikosa mlango hupitia dirishani, na yakikosa dirisha huvaa koti la undugu na kuingia mchana kweupe. Mageto alikuwa mwana wa Yunia, mama wa Kisii aliyechuma chai kwenye shamba kubwa la kampuni ng'ambo ya mto. Alizaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, akasoma, akamaliza kidato cha nne mwaka mmoja na Chepkosgei, na alipokuwa akingoja kujiunga na chuo akapewa kazi ya ualimu wa muda katika shule ya msingi ya hapo kijijini. Hesabu ndizo zilizowakutanisha. Mengine waliyafanya wenyewe.

Ili mama asiulize maswali, Chepkosgei alimwita ndugu. Neno lilimtoka siku ya kwanza kwa hofu, siku ya pili kwa mazoea, na baadaye likawa utani wao. Lakini Mageto hakukubali hata mara moja kumwita dada. "Mdomo wangu unakataa," alimwambia. "Nikikuita dada, Mungu anaweza kusikia." Naye Chepkosgei alikuwa akicheka, akimpiga begani, akisema Mungu ana kazi nyingi za kufanya.

Sasa alikuwa akikimbia katikati ya mistari ya chai, umande ukimlowesha magoti, naye hacheki.

Alijua atampata wapi. Chini ya shamba lao palikuwa na mto mdogo, na juu yake daraja walilolijenga wawili kwa magogo ya mkaratusi na mawe. Zamani, mvua ikinyesha, mto ule uliwazuia watu kufikisha chai kituoni. Chepkosgei akiwa mdogo aliwahi kumwona mama yake amesimama ukingoni na kikapu kimejaa majani mabichi, maji yakipita, mpaka majani yakawa moto na meusi, na mama akayamwaga. Hakulisahau jambo lile. Waliposhika kazi ya daraja, yeye ndiye aliyesema mawe yapangwe mbali na ukingo, maji yaachiwe nafasi. Mageto alibisha siku nzima. Mvua ya masika ilipokuja, daraja lilisimama, na Mageto akamvulia kofia.

Alimkuta amepiga magoti akitoa matawi yaliyokwama chini ya magogo. Alikuwa amevaa suruali yake ya kufundishia, ameikunja mpaka magotini.

"Umerudi," Mageto alisema bila kuinuka.

"Nimerudi. Nikuite nani leo? Ama nianze mazoezi?"

"Chep, tafadhali usianze hivyo."

"Nianze vipi? Nimeenda Londiani kubeba mtoto ya watu, nikakuacha ukiwa mpenzi wangu. Narudi nakupata ndugu yangu! Hata maziwa haichachi haraka hivyo!"

Mageto akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na Chepkosgei alipoyaona hasira ilipungua kidogo, akaikamata isimtoroke.

"Mama yako alinishika mkono mbele ya wazee," Mageto alisema. "Hii mkono. Akaniambia, 'Nilimwomba Mungu kijana mpaka nikachoka, na kumbe alikuwa anamleta.' Alilia, Chep. Na Johana amekaa pale anangoja nikatae. Ungesema nini?"

"Ningesema ukweli! Ningesema, Mama, mimi nampenda huyu msichana wako."

"Halafu?"

"Halafu akufukuze! Wewe uende! Miguu si unayo?"

"Na wewe?"

Chepkosgei akageuka kutazama shamba la mama yake.

"Wewe ungebaki," Mageto alisema. "Johana angesema, mnaona, hata hajapanda gari ya Nairobi na ashapata bwana. Ungefungiwa hapa, na mimi nisikanyage tena."

"Lakini tulikuwa tumeongea! Nilikuambia naenda Kisumu. Nachukua diploma, na wewe unachukua diploma yako hapo hapo. Wikendi niko kwa mama. Nabaki kwa nyumba vile wanataka. Na watoto wakikuja, wacha waitwe jina la baba yangu, nini mbaya? Jina ni jina. Watakuwa na macho yako."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa wangu."

"Mwanamume wa kuingia na giza na kutoka kabla ng'ombe haijakamuliwa? Mtoto wangu mwenyewe akinipata njiani ataniita nani? Mwalimu?"

"Akuite mwalimu! Si tungekuwa pamoja?"

"Pamoja wapi, Chep? Tumejificha mpaka nimesahau vile unacheka mchana. Nikafikiria, tujifiche hivi hadi tuzeeke? Nikiwa na mvi bado naambiwa nishuke na njia ya mto? Siwezi. Nakupenda sana, lakini hiyo siwezi."

Hapo Chepkosgei aliumia mahali ambapo hakujua pana kidonda. Aliuona mpango wake kuwa zawadi. Alikuwa ameukubali moyoni kwa kulia usiku kadhaa, akaacha chuo kikuu, akaacha pete na kanisa na kuimbiwa na wanawake, yote kwa ajili ya mwanamume huyu mwenye matope magotini. Na sasa alikuwa akiambiwa kwamba zawadi ile haibebeki.

"Kwa hivyo kuniacha ndiyo rahisi," akasema.

"Hakuna rahisi hapa. Na si hiyo tu." Mageto akamtazama usoni. "Wewe hutaki Kisumu."

"Nani alikuambia?"

"Wewe."

"Lini? Mimi nimekuambia lini?"

"Ile siku tulienda kuona daraja ya kontrakta iliyoanguka, kule barabara ya chini. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Daraja la zege, halikuwa limemaliza msimu, limelala ubavu mtoni na vyuma vimechomoza.

"Ulilala kwa matope na rinda yako ya kanisa," Mageto alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu lililoumiza kulitazama. "Ukaingiza kichwa chini ya ile kitu. Mvua ya mawe ikaanza. Nikakuita, hukusikia. Nikakuita tena. Watu wote wamekimbia, wewe uko chini pale unauliza, 'Kwa nini imeanguka upande huu? Kwa nini si ule mwingine?' Unajiuliza peke yako. Nilisimama kwa mvua nikakuangalia, nikajua kuna kitu unapenda kuliko mimi."

"Si kweli."

"Sikusema ni vibaya."

"Mageto, si kweli!"

"Mimi diploma inanitosha. Nataka kusimamia watu, nione tingatinga ikisukuma mchanga, jioni nirudi nyumbani. Wewe ukifika Kisumu utakuwa unauliza walimu kwa nini, mpaka wakuchoke. Halafu siku moja, baada ya miaka, utaniangalia mezani na utakumbuka Nairobi. Hutasema. Wewe si mtu wa kusema. Lakini mimi nitaona."

"Kwa hivyo umeniamulia," Chepkosgei alisema. "Umekaa na wazee, umekaa na mama yangu, mkaniamulia njia yangu kama ng'ombe wa kupelekwa kuogeshwa kwa dip."

"Nimeamua yangu tu. Yako bado." Mageto akapiga hatua moja, akasimama. Hakumgusa. "Mama yako alisema wazee watakuuliza wewe. Mtu haingizwi kwa nyumba kama dada hajakubali. Ukisema hapana, mimi nitasimama pale pale niseme kila kitu. Niseme nakupenda, niseme tangu lini. Halafu tutoke pamoja, tupite hapa tukishikana mikono, na asiyetaka kuona afunge macho. Mimi niko tayari."

"Na mama?"

Mageto aliinama, akavuta tawi lililobaki. Maji yalipita chini ya magogo waliyoyabeba pamoja.

"Unanipenda?" Chepkosgei aliuliza.

"Unajua."

"Nataka nisikie mdomo wako ukisema."

"Usiniambie niseme tena, Chep. Nikisema tena sitaweza kuingia kwa hiyo boma."

Chepkosgei alipanda kilima akilia kwa sauti, bila aibu, kama mtoto. Alimpenda. Laiti angempenda kidogo, mambo yangekuwa mepesi.

Karibu na lango alimkuta Yunia, mama yake Mageto, amevaa gauni lake la kitenge na viatu vya kwenda kanisani, kikapu cha ndizi mbivu kichwani. Yunia alitua kikapu. Mama huyu alijua. Alikuwa amejua siku nyingi, maana mwana akipenda, anayemfulia mashati hujua wa kwanza.

"Mwanangu," akasema, akimfuta machozi kwa pindo la leso.

"Mama, wewe ulikubali kwa nini?"

"Aliniomba akipiga magoti. Na huyo hajawahi kuniomba kitu, hata viatu vya shule hakuniomba. Nikajua anaomba kwa sababu ya nani. Niko na vijana sita. Watu wanafikiria ukiwa na sita, kumtoa mmoja haiumi. Wacha wafikirie."

"Nifanye nini?"

"Hiyo mimi siwezi kukuambia. Ukikataa, sitakulaumu. Ukikubali, sitakulaumu. Lakini usinyamaze. Ile kunyamaza yenu ndiyo imetuleta hapa wote." Akainua kikapu chake, akakitua tena, akamkumbatia kwanza. Halafu wakaingia.

Wazee walikuwa wameshaketi uani kwenye viti vya kuazima kutoka kwa majirani. Mageto alipofika kutoka mtoni aliwekwa katikati kwenye kigoda, miguu imeoshwa, mmea wa kutambaa uitwao sinendet umezungushwa shingoni mwake kama walivyovishwa vijana wa heri tangu zamani. Aliangalia chini. Priscah alitoka ndani akiwa amebeba koti. Chepkosgei alilitambua kabla halijafunuliwa. Lilikuwa la baba yake, la rangi ya kahawia, lililokaa sandukuni na dawa ya nondo tangu mazishi. Hata waume wa dada zake hawakuwahi kuruhusiwa kuligusa.

Priscah alimvisha Mageto koti lile mwenyewe. Mikono ya koti ilikuwa mifupi, ikaishia mbali kabla ya viganja, na wazee wakacheka.

"Mikono ya mzee ilikuwa mifupi," Johana alisema. "Lakini mabega inatosha."

Priscah alicheka pia, huku akilia, akalipangusa lile koti vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akasogea nyuma kumtazama. Chepkosgei alikuwa hajawahi kuuona uso ule. Kwenye picha ya harusi ya mama yake, ile iliyotundikwa sebuleni, hata pale haukuwa hivyo.

Johana alisimama, akaegemea fimbo yake. Alizungumza juu ya ndugu yake marehemu, juu ya nyumba ambayo watu walisema itafungwa. Alisema yeye mwenyewe alikuwa mgumu, kila mtu anajua. Lakini nyumba ni ya kuwashwa moto, haifai kungojewa izimike. Akasema kijana huyu, kwa kuwa amekuja kutoka nje, ataitwa Kipsang, jina la mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba. Wazee wakapenda hilo, wakacheka tena. Hata jina ambalo Chepkosgei alikuwa akilitamka kule mtoni likachukuliwa hivyo, kwa kicheko.

"Sasa," Johana alisema, "mama amekubali. Mama aliyemzaa amekubali, tunamshukuru. Imebaki mtu mmoja." Akamgeukia. "Chepkosgei. Ni wewe umekaa na huyu kijana kuliko sisi wote. Dada ndiye anajua ndugu. Tuambie mbele ya hawa watu. Huyu ni nani kwako?"

Kuku alipita katikati ya wazee na hakuna aliyemfukuza.

Mageto aliinua macho. Tangu aketi pale alikuwa hajamtazama, na sasa alimtazama wazi, mbele ya watu wote, kama ambavyo hakuwahi kuthubutu kumtazama. Alikuwa tayari. Miguu yake ilikuwa imekusanywa chini ya kigoda, kama ya mtu anayetaka kusimama. Chepkosgei angetamka neno moja tu, Mageto angesimama na koti lile la mikono mifupi, angesema kila kitu, naye angeshikwa mkono na kutoka. Chepkosgei alikuwa na neno lile mdomoni. Alilisikia utamu wake.

Akamtazama mama yake. Priscah alikuwa amekishika kibuyu cha shanga kwa mikono miwili na hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu jibu alikuwa amelisikia tangu zamani. Chepkosgei alimwona mawazoni akifunga mlango wa nyumba hii kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo kwa wana wa Johana.

Na kuna jambo lingine alilolifikiria. Wasomaji watakaomlaumu na wamlaumu, lakini ukweli hauna budi kusemwa. Katikati ya huzuni ile aliliona daraja la zege limelala mtoni, na vyuma vimechomoza, na akataka kujua kwa nini. Alilitaka jibu lile kwa nguvu ile ile aliyomtaka nayo Mageto. Aliona aibu. Mageto alikuwa amemwona sawasawa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mtu aliyemjua kiasi kile ndiye aliyekuwa akimpoteza.

"Ni ndugu yangu," akasema.

"Sema kwa nguvu," Johana alimwambia, akiweka mkono nyuma ya sikio. "Wazee hawajasikia."

Mungu ana kazi nyingi, lakini siku ile alikuwa na nafasi.

"Ni ndugu yangu!" Chepkosgei alisema.

Priscah alipiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya mto. Wanawake wakamjibu kutoka jikoni. Yunia aliinama, akajifunika uso kwa leso, na watu wakadhani ni furaha.

Miguu ya Mageto ilitulia chini ya kigoda. Alifumba macho mara moja, akayafumbua.

"Haya, mpe maziwa," Priscah alimwambia binti yake, akimkabidhi kibuyu. "Dada ndiye humpa wa kwanza."

Chepkosgei alimimina. Mursik, maziwa ya mgando yaliyohamishiwa humo asubuhi kutoka kibuyu cha kila siku, yalitoka mazito, yana rangi ya majivu ya senetwet, yakajaa kikombe. Alikibeba kwa mikono miwili, akatembea mpaka kwenye kigoda, akainama kama inavyompasa binti mwenye adabu. Mageto alikipokea. Vidole vyake vilikuwa bado na matope ya mtoni kwenye kucha, na vilikaa juu ya vya Chepkosgei kidogo, kidogo sana, kiasi ambacho ndugu anaruhusiwa.

Alikunywa yote. Hakupumua mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Mshukuru sasa," Johana alisema. "Mshukuru kwa jina la undugu, tusikie."

Mageto alimrudishia kikombe. Alimtazama kwa muda, na midomo yake ikasogea bila sauti, na Chepkosgei peke yake ndiye aliyejua kwamba huyu mtu alikuwa akipigana na mdomo wake mwenyewe.

"Kongoi," akasema mwishowe. "Kongoi, dada."